Picha Kabla ya Kisu: Namna Hatua ya Saratani ya Figo Inavyojulikana

Mjomba wangu alikojoa damu mara tatu ndani ya miezi mitano kabla hajapigwa picha hata moja. Amekulia kijijini Muheza, ambako kila mtoto aliyewahi kuoga bwawani anakijua kichocho, kwa hiyo mara ya kwanza alikwenda zahanati mwenyewe akaomba vidonge vyake. Damu ikakata. Mara ya pili akaongezewa dawa ya U.T.I. Damu ikakata tena. Mara ya tatu daktari kijana aliyekuwa zamu hakuandika dawa, aliandika ultrasaundi. Jibu likarudi na mstari mmoja: uvimbe wa sentimita 6 kwenye figo ya kushoto.

Damu ya saratani ya figo ndivyo ilivyo. Hutoka, hukatika yenyewe, hukaa wiki au miezi, halafu hurudi, na mara nyingi haina maumivu. Ndiyo maana dawa yoyote atakayopewa mgonjwa wiki ile huonekana imefanya kazi. Mtu mzima, hasa aliyevuka miaka 40, akiona damu kwenye mkojo, na mkojo wake haukukutwa na mayai ya kichocho wala vijidudu, au damu ikarudi baada ya tiba, asiongezewe dozi nyingine kabla figo na kibofu havijapigwa picha. Naandika hivi kwa kuwa miezi mitano ile inaniuma mpaka leo.

Kuanzia ultrasaundi hadi siku ya upasuaji zilipita wiki saba, na karibu zote zilikwenda kwenye picha. Nilikuwa mbeba bahasha. Nilijifunza kwamba katika saratani hii picha ina uzito usio wa kawaida. Saratani ya titi au ya mlango wa kizazi haianzi kutibiwa mpaka kinyama kikatwe na kupelekwa maabara. Kwenye figo, uvimbe mgumu unaoonekana vizuri kwenye CT-skani mara nyingi hupelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji, na kinyama husomwa baada ya uvimbe kutolewa. Kwa hiyo uamuzi wa kutoa figo nzima au kipande, wa kupasua au kusubiri, wa kumwita daktari wa mishipa ya damu au wa moyo, unatokana na kilichoonekana kwenye picha. Picha ikiwa pungufu, uamuzi nao una tundu.

Kujua hatua ya saratani maana yake ni kujua imefika wapi. Maswali ni matatu, na duniani kote huandikwa kwa herufi tatu. T ni uvimbe wenyewe: una ukubwa gani, na umetoka nje ya figo au bado umo ndani. N ni tezi za limfu, zile ambazo wengi tunaziita mitoki, zilizo karibu na figo. M ni usambaaji: kuna mbegu za saratani zilizodondokea mapafu, mifupa, ini au kwingineko? Majibu ya maswali hayo yakiunganishwa ndipo mgonjwa anaambiwa yuko hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne.

Ultrasaundi ndiyo huanza, na ni vyema ianze. Ni nafuu, haina mionzi, na inapatikana hata vituo vya afya. Inaweza kutofautisha kifuko cha maji na uvimbe wa nyama, na hili si dogo, kwa sababu vifuko vya maji kwenye figo za watu wazima ni vingi sana na karibu vyote havina madhara. Majibu yakisema "kifuko cha kawaida", yaani kimejaa maji matupu, ukuta wake mwembamba na ndani hamna vigawanyo, mtu alale usingizi wake. Ila ultrasaundi haitoshi kupanga hatua. Hewa ya tumboni huzuia, unene wa mwili huzuia, mitoki iliyo nyuma kabisa ya tumbo haionekani vizuri, na mapafu haiyaoni. Anayekuambia ufanyiwe upasuaji wa figo kwa karatasi ya ultrasaundi peke yake, mwombe kwa heshima CT-skani kwanza.

Hapo ndipo tulipopoteza wiki mbili. Tulikwenda kupiga CT-skani mahali fulani, nisingependa kupataja, tukalipa, mjomba akalala kwenye kitanda cha mashine dakika tano, tukapewa bahasha. Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo alipozitundika filamu kwenye kisanduku cha mwanga, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mzee, walikuchoma sindano ya dawa kabla ya picha?" Hakuchomwa. Picha ilipigwa kavu, bila kontrasti. Kwa mtu mwenye mawe ya figo picha kavu inatosha kabisa. Kwa mtu mwenye uvimbe ni sawa na kutazama nyumba usiku, taa zimezimwa: unaona paa, huoni nani yumo. Ikabidi tuanze upya, na tulipe upya.

Kwa hiyo nielezee picha iliyo kamili inavyopigwa, ili mwingine asipitie hayo.

Kontrasti ni dawa yenye iodini inayochomwa kwenye mshipa wa mkono. Ikiingia kwenye damu, popote damu inapopita hung'aa kwenye picha. Mgonjwa hupigwa raundi kadhaa. Ya kwanza ni kavu, kabla ya dawa, na haipaswi kurukwa, kwa sababu ndiyo ya kulinganishia. Kisha mashine inasukuma dawa kupitia kanula. Mjomba alisema alihisi joto likishuka kutoka kifuani hadi kwenye nyonga, mdomoni ladha kama ya sarafu, na kwa sekunde chache akadhani amejikojolea. Hayo yote ni ya kawaida na hupita upesi. Baada ya nusu dakika hivi inapigwa raundi ambayo gamba la nje la figo linawaka pamoja na mishipa, na hapa daktari anaona uvimbe unanyonya damu kutoka wapi. Ikifika sekunde 100 hivi, figo nzima imeng'aa sawasawa, na uvimbe, hata mdogo, unajitenga na kuonekana wazi. Hii ndiyo raundi ambayo madaktari wengi huitegemea zaidi. Wakisubiri dakika kadhaa, dawa huwa imeanza kushuka na mkojo, na njia za mkojo nazo zinaonekana. Si kila mgonjwa hupigwa raundi zote nne, maana kila raundi ni mionzi. Lakini bila raundi ya kavu na angalau moja nzuri ya baada ya dawa, mpango wa tiba hauna msingi.

Kinacholinganishwa ni namba. Kila sehemu ya picha ya CT ina kipimo chake cha uzito wa kivuli: maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri, mafuta huwa karibu na 100 chini ya sifuri. Vipimo hivyo vimepewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza, ambaye mashine yake ilipiga picha ya mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Nobeli ya mwaka 1979 aliipata pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuifikiria hesabu ya picha hizi mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Napenda kulitaja hili kila nikipata nafasi. Wazo lililomo ndani ya mashine hii liliota pia kwenye udongo wa Afrika.

Uvimbe wa mjomba ulisoma 34 kabla ya dawa na 128 baada ya dawa. Ukipanda kwa zaidi ya 20, maana yake una mishipa inayoupelekea damu, ni nyama hai, na kwenye figo ya mtu mzima nyama hai iliyoota namna hiyo huchukuliwa kuwa saratani mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifuko cha maji hakipandi. Uvimbe wenye mafuta ndani, unaosoma chini ya sifuri, kwa kawaida ni ule usio saratani uitwao anjiomayolipoma, na mtu anaweza kuepuka kisu kwa namba hiyo moja. Kwa vifuko vyenye vigawanyo au kuta nene, wataalamu hutumia ngazi za Bosniak, daktari wa Marekani aliyezipanga mwaka 1986. Ngazi ya I na II haina wasiwasi, IIF inafuatiliwa kwa picha, III ina shaka kubwa, na IV karibu kila mara ni saratani. Kwenye karatasi ya majibu utaikuta kwa namba za Kirumi.

Sasa karatasi yenyewe. Watu wengi huisoma mstari wa mwisho tu, pale palipoandikwa hitimisho. Mimi nashauri uisome yote, hata kama maneno mengine yanakupita, kwa sababu kila aya inajibu swali la hatua.

Kwanza ukubwa. Uvimbe uliomo ndani ya figo usiozidi sentimita 4, sawa na ndimu, ni T1a. Ukizidi hapo hadi sentimita 7, sawa na chungwa, ni T1b. Hizo mbili, kama mitoki ni mizima na hakuna usambaaji, ni hatua ya kwanza. Kuanzia juu ya 7 hadi 10 ni T2a, zaidi ya 10 ni T2b, na hiyo ni hatua ya pili. Kwenye ukubwa pia ndiko kunakoamuliwa kama figo itaokolewa. Uvimbe wa T1 mara nyingi unaweza kutolewa peke yake, figo ikabaki, na kwa mzee mwenye kisukari au presha, au aliyezaliwa na figo moja, hilo ni jambo la maisha. Ndiyo maana majibu mazuri hayaishii kwenye sentimita. Yanasema uvimbe uko juu au chini, umechomoza nje au umezama ndani, uko umbali gani na mishipa mikubwa, na figo ya pili ina hali gani. Wazee sana au wagonjwa wa moyo wenye uvimbe mdogo wanaweza hata kushauriwa kusubiri na kupigwa picha kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa vimbe nyingi ndogo hukua polepole.

Nilipoona sentimita 6.4 kwenye majibu ya pili, nilifurahi. Hesabu yangu iliniambia hatua ya kwanza. Nilikuwa sijafika kwenye aya ya mishipa.

Saratani ya figo ina tabia ambayo saratani chache zinayo: hutambaa ndani ya mshipa. Itazame figo kama haragwe. Pale kwenye kijicho cha haragwe ndipo mishipa inapoingia na kutoka. Uvimbe unaweza kuota ulimi ndani ya vena ya figo, ulimi ukasogea hadi vena kava, ule mshipa mkubwa unaopandisha damu yote ya miguu na tumbo kwenye moyo, na kwa baadhi ya wagonjwa ukapanda hadi ndani ya chemba ya moyo. Mgonjwa anaweza asihisi chochote. Ulimi ukiwa kwenye vena ya figo tu, au saratani ikiwa imeingia kwenye mafuta yanayoizunguka figo, ni T3a. Ukiingia vena kava chini ya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, ni T3b. Ukivuka kiwambo, au ukishika ukuta wa vena kava yenyewe, ni T3c. Zote tatu ni hatua ya tatu. Uvimbe wa sentimita 5 wenye ulimi ni hatua ya tatu, na wa sentimita 12 usio na ulimi wala kutoka nje ni ya pili. Ukubwa unadanganya.

Karatasi ya mjomba ilisema: "ulimi wa uvimbe ndani ya vena ya figo ya kushoto, hauingii vena kava." Daktari alitumia kalamu kutuonyesha kwenye filamu: mstari mweupe wa mshipa, halafu ndani yake kivuli cha kijivu, kama tope kwenye bomba. Kisha akasema jambo ambalo nalihesabu kuwa la maana kuliko yote niliyosikia wiki zile. Ulimi huo unakua. Picha ya leo haimwambii utakuwa wapi baada ya miezi miwili. Ukikutwa kwenye mshipa, madaktari wengi wa upasuaji hutaka picha isiyozidi wiki mbili hadi nne, na upasuaji ukisogezwa mbele, picha hurudiwa. Mgonjwa aliyepewa tarehe ya mbali awakumbushe. Ulimi uliofika vena kava hubadilisha kabisa timu inayohitajika: anatakiwa daktari wa ini au wa mishipa, na ukivuka kiwambo, wa moyo na mashine yake. Si hospitali nyingi za ukanda wetu zenye timu hiyo, na rufaa huchukua muda.

Hapa ndipo MRI inapoingia. Kwa uvimbe wenyewe CT-skani inatosha kwa wagonjwa walio wengi, lakini MRI huonyesha vizuri zaidi kichwa cha ulimi kiliko na kama ukuta wa vena kava umeshikwa. Ni kimbilio pia kwa mjamzito, kwa sababu haina mionzi, na kwa mwenye mzio mkali wa kontrasti ya iodini. Mwenye figo zilizochoka sana aseme mapema huko nako, kwa kuwa dawa ya MRI, gadolinia, nayo ina masharti yake kwa wagonjwa hao. Mwenye kipima moyo kilichopandikizwa au chuma mwilini asiingie chumba cha MRI kabla hajaulizwa na kukaguliwa.

Suala la mitoki ni fupi kulieleza na gumu kuliamua. Kwenye picha, tezi yenye upana wa sentimita 1 au zaidi inatiliwa shaka, na ikithibitika kuwa na saratani, ni N1, hatua ya tatu hata kama uvimbe ni mdogo. Tatizo ni kwamba tezi huvimba kwa sababu nyingine pia: maambukizi, kifua kikuu, VVU, au mwili kupambana na uvimbe wenyewe. Na tezi ndogo inaweza kubeba mbegu isiyoonekana. Kwa hiyo maneno "tezi zenye mashaka" si hukumu.

Saratani ikiupasua utando wa nje kabisa unaoizingira figo na mafuta yake, au ikiingia moja kwa moja kwenye tezi ya adrenali iliyokaa juu ya figo kama kofia, ni T4. Hiyo, pamoja na usambaaji wa mbali wowote, ni hatua ya nne.

Mapafu ndiko mbegu za saratani hii hupenda kudondokea zaidi. Kwa hiyo CT ya tumbo bila CT ya kifua ni kazi nusu, isipokuwa kwa uvimbe mdogo sana ambao daktari ameamua kwa sababu maalumu kwamba eksirei inatosha. Uliza siku hiyohiyo ya kupiga picha ya tumbo kama kifua kimeandikwa kwenye fomu. Ni kitanda kilekile na sindano ileile, na kurudi wiki nyingine ni nauli nyingine na foleni nyingine.

Picha ya kifua ya mjomba ilikuja na kidoa cha milimita 8, pembe ya juu ya pafu la kulia. Nikiri kwamba usiku ule sikulala. Kidoa kikiwa saratani, hatua ya tatu inakuwa ya nne, na mazungumzo yanahama kutoka kisu cha kuponya kwenda kwenye vidonge na dripu za kupunguza kasi. Daktari bingwa wa radiolojia alikuwa ameandika kwa uangalifu: "kilinganishwe na picha za zamani kama zipo." Mjomba aliwahi kuugua kifua kikuu ujanani. Mkazamjomba akafungua sanduku la chuma chumbani kwao, akatoa mashuka, vyeti, kadi ya kliniki ya mtoto aliyekwisha kuoa, na chini kabisa, imekunjwa kama mkeka, eksirei ya mwaka 1998. Ilikuwa imeanza kuganda kwa joto. Tuliikunjua pole pole juu ya meza. Kidoa kilikuwepo, palepale, na chokaa yake. Kovu la kifua kikuu la miaka mingi.

Katika nchi zetu hili si tukio la ajabu. Watu wengi wamepona kifua kikuu na kubaki na makovu, na kovu kwenye CT linaweza kufanana na mbegu ya saratani. Mwambie anayesoma picha kama uliwahi kuugua kifua kikuu, hata kama ni miaka 30 iliyopita, na umpelekee picha yoyote ya zamani uliyonayo. Kusipokuwepo picha ya zamani na kidoa kikabaki na utata, daktari anaweza kurudia CT ya kifua baada ya muda aone kama kinakua, au kuchukua kinyama.

Vipimo vingine nitavipita haraka. Skani ya mifupa na picha ya ubongo hazipigwi kwa kila mtu. Zinapigwa kwa mwenye dalili: maumivu ya mfupa yasiyoisha, mfupa uliovunjika bila sababu ya maana, kichwa kinachouma kwa namna mpya, degedege, upande wa mwili kulegea. PET ya kawaida, ile inayotumia sukari yenye mionzi, si kipimo cha kutegemea katika saratani hii, kwa kuwa sukari hiyo hutolewa na figo zenyewe kupitia mkojo na vimbe nyingine za figo haziinyonyi vya kutosha. Kama hujaelezwa inakutafutia nini hasa, usiuze kiwanja kuifuata. Kinyama kwa sindano, kikiongozwa na ultrasaundi au CT, kina nafasi yake pale picha zinapoacha shaka, pale uvimbe utakapochomwa kwa joto au kugandishwa bila kutolewa, au saratani ikiwa imeshasambaa na dawa inatakiwa kuchaguliwa.

Kuna kundi moja ambalo nataka lisisahaulike kwetu. Wenye vinasaba vya selimundu, hata wale wenye nusu tu wasioumwa, wanaweza, mara chache sana, kupata aina ya saratani ya figo inayoanzia katikati ya figo, kwenye medula. Huwapata vijana, mara nyingi figo ya kulia, na husambaa upesi. Wabebaji wa selimundu ni wengi Afrika Mashariki na karibu wote hawatapata saratani hii kamwe. Lakini kijana mwenye vinasaba hivyo anayekojoa damu anastahili picha nzuri ya figo mapema, na daktari anayesoma picha aambiwe hali yake ya selimundu.

Kabla ya kontrasti utapimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja. Usikikwepe kwa kuharakisha foleni. Anayetumia metformini ya kisukari aseme, maana figo zikiwa dhaifu dawa hiyo husimamishwa kwa siku mbili baada ya sindano. Aliyewahi kuvimba uso, kubanwa pumzi au kutoka vipele baada ya kontrasti aseme kabla hajalala kitandani. Huku pwani wengi huambiana kwamba mwenye mzio wa kamba na kaa haruhusiwi kontrasti kwa sababu ya iodini. Si kweli. Mzio huo hautokani na iodini, na mtu asinyimwe kipimo kwa sababu hiyo, ingawa mzio wowote ni vizuri kuutaja. Mwanamke ambaye huenda ni mjamzito aseme. Maji ya kutosha kabla na baada ni mazuri, isipokuwa kwa aliyewekewa kiwango na daktari wake.

Mionzi watu huiogopa kuliko inavyostahili, na wakati mwingine huipuuza kuliko inavyostahili. CT moja ya tumbo inabeba mionzi karibu sawa na ile ambayo mwili huipata kutoka ardhini na angani kwa miaka michache. Kwa mtu mwenye uvimbe wa figo faida inazidi hatari kwa mbali. Kinachoudhi ni kuirudia bure, kama tulivyoirudia sisi.

Ukitoka chumba cha picha, usitoke na karatasi peke yake. Omba filamu au sidii yenye picha zote. Tulipofika hospitali ya rufaa, timu ya upasuaji haikusoma maelezo kwanza. Walifungua sidii kwenye kompyuta wakawa wanapanda na kushuka na mshipa ule, kipande kwa kipande, wakihesabu ulimi ulikoishia. Miaka ya karibuni mashine za CT zimefika katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania, na zipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando. Kwa hiyo picha inaweza kupigwa karibu na nyumbani na kusomwa mbali. Anayesafiri bila sidii huambiwa apige tena. Kwa wenye bima, ulizeni mapema kama kipimo kinahitaji kibali, kwa maana kibali nacho huchukua siku.

Na daktari akikueleza, muulize kwa maneno yako mwenyewe: uvimbe umetoka nje ya figo? Umeingia kwenye mshipa, na kama ndiyo, umefika wapi? Kifua kimepigwa? Figo ya pili inafanya kazi? Picha hii itakuwa bado inafaa siku ya upasuaji? Mjomba aliuliza la figo ya pili tu, na alipojibiwa kuwa ni nzima alisema, "Basi mwanangu, tuendelee."

Figo ya kushoto ilitolewa pamoja na ulimi wake. Wiki tatu baadaye majibu ya maabara yalisema saratani ilikuwa imegusa pia mafuta ya ndani, kwenye kijicho cha haragwe, jambo ambalo picha haikuliona. Hilo halimaanishi kwamba picha ilikosewa. Hadubini huona yale ambayo mashine yoyote ya picha haioni, na hatua ya mwisho huandikwa baada ya maabara. Kwake ilibaki T3a, hatua ya tatu.

Baada ya hapo zinaanza picha za kufuatilia, kwa sababu saratani hii inaweza kurudi, hata baada ya miaka. Kwa mgonjwa wa hatua yake ni CT ya kifua na tumbo kila baada ya miezi 3 hadi 6 mwanzoni, kisha mara moja kwa mwaka, hadi kutimia miaka 5 au zaidi. Wa hatua ya kwanza hupigwa mara chache zaidi. Kila picha mpya inasomwa ikiwa imewekwa kando ya ile ya kwanza, kwa hiyo bahasha inakwenda kliniki kila safari.

Siku hizi anaibeba mwenyewe. Eksirei ya mwaka 1998 tuliipiga picha kwa simu ikabaki kwenye sidii pamoja na nyingine, lakini bado anakwenda nayo, imenyooshwa sasa kati ya vipande viwili vya boksi. Kliniki ya mwezi uliopita daktari alizipanga zote tano, akaenda moja kwa moja pembe ya juu ya pafu la kulia, akapima. Milimita 8.